Wasanii wa wimbo mmoja: taja jina, lete ushahidi

FundiRedio_Busia

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kutengeneza redio na spika hapa Busia, upande wa Uganda, kwa hiyo muziki nausikia kutwa nzima hata siku ambayo kichwa kinauma. Jana nimemaliza spika ya mteja, nikaijaribu kwa wimbo wa kwanza uliokuwa kwenye flashi yake. Ukatoka Mambo No. 5. Vijana wawili waliokuwa wanasubiri simu zao zichajiwe wakaanza kucheza hapo hapo mlangoni. Nikawauliza nani kaimba. Hawajui. Nikawaambia ni Lou Bega, haya nitajieni wimbo wake wa pili. Kimya. Mmoja akasema, "Mzee, huyo aliimba mara moja akaenda kulala."

Nikaona nilete mjadala. Kwangu mimi msanii wa wimbo mmoja ni yule aliyetamba kweli, hata mtoto na bibi wakaujua wimbo, halafu akatoa nyingine na nyingine, zote zikapita kama mvua ya jangwani. Aliyefariki kabla hajajaribu tena simhesabu, si haki. Na aliyeacha mwenyewe akaenda kufanya biashara naye simhesabu.

Naanza na hawa: Lou Bega, Los del Río wa Macarena, Psy wa Gangnam Style, Them Mushrooms wa Jambo Bwana, Gidi Gidi Maji Maji, Saida Karoli na Mr. Nice. Karibuni, ila msinitukane.

BintiBombo

Fundi, umeanza kwa kumpiga mtu wa nyumbani! Lou Bega baba yake ni Mganda. Jina lake la kuzaliwa ni David Lubega, kazaliwa Munich mwaka 1975, mama yake ni Mwitaliano wa Sicily. Lubega ni jina la Kiganda kabisa, ukiliita kwenye stendi ya taksi Kampala watageuka watu watatu. Yeye alilikata katikati tu, likabaki Bega. Sisi wa Kiswahili tunacheka, mtu anajiita Bega na anacheza kwa kiuno.

KijanaWaKisenyi

Banange! Miaka yote hii nacheza huo wimbo kwenye harusi sijui ni wa ndugu yetu. Sasa nimekasirika. Mtoeni kwenye orodha.

FundiRedio_Busia

> Mtoeni kwenye orodha

Kwa sababu gani? Baba kuwa Mganda hakuongezi wimbo wa pili.

Mwalimu_Arua

Salamu kwenu. Nafundisha sekondari, muziki ni ugonjwa wangu wa pembeni, nivumilieni nikirefusha.

Kwanza huyo Bega. Wimbo wenyewe hakuuanza yeye. Ulikuwa mdundo wa ala wa Mcuba Pérez Prado, uliorekodiwa mwaka 1949. Bega akaja mwaka 1999 akauwekea maneno, ile orodha ya wanawake. Ukashika namba moja Uingereza na Ujerumani, Marekani ukafika namba tatu, Ufaransa ukakaa kileleni wiki 20. Halafu akateuliwa kuwania Grammy, kundi la waimbaji wa kiume wa pop, tuzo ikaenda kwa Sting. Kwa hiyo tunaposema Eddy Kenzo ndiye Mganda wa kwanza kuteuliwa Grammy, kuna mtu mwenye damu ya Lubega aliyepita pale mlangoni miaka 20 na zaidi kabla yake. Hilo ni la kubishania siku nyingine.

Pili, Fundi, kipimo chako ni cha moyo, hakina rula. Wamarekani wana rula yao. Wanatazama chati ya Billboard, wimbo ulioingia arobaini bora. Ukiingia mara moja tu maishani, wewe ni wa wimbo mmoja. Basi. Na hiyo rula yao inatoa majibu ya ajabu. Jimi Hendrix aliingia arobaini bora za Marekani mara moja tu, mwaka 1968, kwa All Along the Watchtower, namba 20. Mtu ambaye kila anayeshika gitaa la umeme duniani anamuiga, kwa rula ya Marekani yuko kapu moja na Los del Río! Ukivuka bahari ukafika Uingereza, Hendrix huyo huyo ana nyimbo nne, tano zilizopanda chati.

A-ha wa Norway nao wanasingiziwa. Marekani wanawajua kwa Take On Me, namba moja mwaka 1985, na watakuapia kwamba baada ya hapo walipotea. Uingereza wimbo wao uliofuata ndio uliofika namba moja, na mwaka 1987 wakapewa wimbo wa filamu ya James Bond. Mtu anayepotea hapewi James Bond.

KijanaWaKisenyi

Mwalimu umeandika mtihani. Maksi ngapi?

DerevaTrela

Mwalimu amesema neno ninalolijua mimi kwa matairi. Natoka Mombasa, naingia Malaba, Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, Gulu, Elegu, halafu Nimule na Juba. Redio inabadilika njiani kama hali ya hewa. Msanii ambaye Mombasa ni mfalme, nikifika Lira ni wa wimbo mmoja, nikifika Juba hajazaliwa.

Chukua hao Gidi Gidi Maji Maji. Upande wa Uganda watu wanajua Unbwogable peke yake, kwa sababu ule wimbo wa mwaka 2002 ulibebwa na uchaguzi wa Kenya, muungano wa NARC waliuimba mpaka Kibaki akaingia ikulu. Habari za uchaguzi zikavuka mpaka na wimbo ukapanda humo humo. Lakini muulize Mjaluo wa Kisumu. Atakuimbia Ting' Badi Malo kabla hujamaliza swali, na ule ulitangulia.

Them Mushrooms ndio usiseme. Mtalii anajua Jambo Bwana ya mwaka 1982, anarudi kwao anafikiri hao watu waliimba salamu tu maisha yao yote. Boney M wakauchukua mwaka uliofuata, ukazidi kuonekana wa kitalii. Sisi wa Pwani tuna Embe Dodo, tuna Nyambura. Fundi, wewe uko Busia, mguu mmoja Kenya, hukusikia Embe Dodo?

FundiRedio_Busia

Embe Dodo naijua, dereva. Nilidhani ni ya watu wengine. Mushrooms nawatoa. Gidi Gidi nawatoa nusu.

Mwalimu_Arua

Kama tunazungumza wimbo kuvuka mpaka bila mwenyewe, yupo Daudi Kabaka wa Kenya. Helule Helule yake ilichukuliwa na kundi la Kiingereza, The Tremeloes, ikaingia ishirini bora za Uingereza mwaka 1968. Kule wengi waliocheza hawakumjua. Kwa hiyo mzee ana hiti Uingereza lakini hayumo ndani yake. Huyo tumweke kapu gani?

MtotoWaKariakoo

Mimi ni Mtanzania, niko Kampala kikazi, mtanisamehe. Mnazunguka mbali wakati wa karibu yupo. Eddy Kenzo. Sitya Loss, 2014, wale watoto wakacheza, dunia ikashangaa, tuzo ya BET ikaja 2015. Haya, nitajieni wa pili. Dar es Salaam hakuna anayeujua.

KijanaWaKisenyi

Ssebo, unakaa Kampala mtaa gani? Tuje tuongee vizuri 😂

BintiBombo

Kaka Kariakoo, Stamina ilikuwa imetuchosha miguu kabla hata hatujasikia Sitya Loss. Baadaye Mbilo Mbilo. Baadaye Semyekozo. Halafu Gimme Love aliyoimba na Matt B, ndiyo hiyo ya kuteuliwa Grammy. Ukitaka orodha nzima nitaandika hadi data iishe. Ulichosema ni sawa na mtu wa Gulu aseme Diamond ana wimbo mmoja kwa sababu yeye alisikia mmoja.

MtotoWaKariakoo

Sawa dada, nimekubali kwa Uganda. Lakini swali langu liko palepale. Kwa nini Sitya Loss ilivuka na hizo nyingine nyingi zikaishia mpakani Mutukula?

DerevaTrela

Lugha. Na watoto.

Sitya Loss ni Kiganda, maana yake siogopi hasara. Nje hawakuhitaji kuelewa kwa sababu macho yaliona wale watoto, kundi la Ghetto Kids, wanacheza mavumbini. Ile video ndiyo iliyokuwa mkalimani. Wimbo wa Kiganda usio na mkalimani wa namna hiyo unafika Malaba unaegesha.

Sasa mtazame Chameleone wa Uganda. Yeye alianzia Nairobi, Mama Mia akaitolea kule, akaendelea na Kiswahili: Jamila, Mambo Bado, Shida za Dunia. Mpaka leo nikiwa Mariakani watu wanabishana kama ni Mganda au ni Mkenya. Hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kumwita wa wimbo mmoja. Kiswahili ndicho kilichomlipia ushuru wa mpaka.

Mwalimu_Arua

Halafu bunge letu likakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na hadi leo shuleni nagawana vitabu vichache na darasa zima. Wanamuziki walitangulia serikali. (Samahani, nimetoka nje ya mada.)

Mad Ice naye ni mfano wa hilo. Mganda, lakini jina alilipatia Dar, baadaye akahamia Finland. Baby Gal iliimbwa kila mahali. Nyumbani kwetu wengi walidhani ni Mtanzania.

MtotoWaKariakoo

Hata mimi nimejua leo hii kwamba si Mbongo. Uzi huu una madhara.

NnalongoJinja

Jamani shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimesoma kimya kimya lakini jina moja limenitoa. Nani kamweka Saida Karoli kwenye orodha?

Mimi nimekulia Kyotera, karibu na Mutukula. Saida ni Mhaya wa Bukoba, anaimba Kihaya. Kihaya na Kiganda si mtu na jirani, ni mtu na shangazi. Maria Salome ilipotoka mwaka 2001, ile watu waliyoibatiza Chambua Kama Karanga, sisi hatukuhitaji kutafsiriwa. Tulielewa robo tatu, robo iliyobaki tukaijaza wenyewe. Ngoma ile haikupigwa kwenye redio tu. Ilipigwa kwenye harusi, kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho wa wachumba), kwenye duka la mafuta ya taa, kwa fundi cherehani. Mama yangu alikuwa na kanda moja, ikakatika, akaiunganisha kwa rangi ya kucha, ikawa inaruka neno moja kila ikifika pale. Hadi leo nikiuimba ule wimbo naruka lile neno. Mume wangu anadhani nimesahau maneno.

Halafu Kaisiki je? Hiyo nayo tuliicheza hadi kanga zikafunguka. Mnasema wimbo mmoja kwa sababu Diamond na Rayvanny waliurudia mwaka 2016 wakauita Salome, watoto wa siku hizi wakamjulia hapo. Wao wamesikia mmoja, yeye hakuimba mmoja.

Fundi, mtoe. Sitarudia.

FundiRedio_Busia

Nnalongo nimemtoa. Mama wa pacha habishiwi.

Dogo_Ntinda

Nauliza tu msinile. Philly Lutaaya je? Mimi namsikia kila tarehe 1 Desemba, siku ya UKIMWI, Alone and Frightened, basi hadi mwaka mwingine.

MstaafuWaKambi

Mwanangu Ntinda. Sijakasirika, kaa chini nikueleze.

Mimi nilikuwa kijana jeshini, Kiswahili changu ni cha kambi, kwa hiyo nikikosea mwalimu anisahihishe. Lutaaya alikuwa anaishi Sweden. Born in Africa ndiyo ilikuwa wimbo wetu, tuliimba kama wimbo wa taifa, nchi imetoka vitani, watu wamechoka, halafu sauti ile inakuambia umezaliwa Afrika, ujivunie. Mwaka 1989 akarudi akasimama mbele ya watu akasema nina UKIMWI. Wakati ule mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, sahani yake inawekwa mbali. Hakuna mtu mwenye jina kubwa aliyekuwa amesema hivyo hadharani hapa Uganda. Wengine hawakumwamini, walisema anatafuta kuuza muziki. Akazunguka mashuleni na makanisani akiwa anakonda. Desemba 15 mwaka huo huo akafariki. Ule wimbo unaousikia tarehe 1 ni wa miezi ile.

Na ungoje wiki tatu baada ya hiyo tarehe 1 yako. Krismasi ikikaribia, nenda duka lolote, sokoni, ndani ya taksi, utasikia nyimbo za Noeli za Kiganda, Tumusinze, Azaaliddwa. Ni nani anaimba? Yeye. Umemsikia maisha yako yote, hukuulizwa jina.

Dogo_Ntinda

Mzee wangu, nimekaa chini kweli. Azaaliddwa ni ya Lutaaya?? Nyumbani tunaipiga kila mwaka. Asante.

NnalongoJinja

Mzee umeniliza mchana kweupe na nina mteja kichwani.

MuuzaKanda_Zamani

Nimefika. Mimi niliuza kanda Kampala wakati kanda ilikuwa kanda, kwa hiyo acheni niseme jambo ambalo mashabiki hawalioni.

Mnauliza kwa nini fulani aliimba mmoja akapotea, kana kwamba kipaji kiliisha kama mafuta ya taa. Kipaji hakikuisha. Zamani zile msanii alikuwa anakuja na wimbo wake kwa msambazaji, anauza jumla. Anapewa pesa mkononi, anasaini, anaondoka. Wimbo ukilipuka, zikinakiliwa kanda elfu au elfu mia, yeye hana chake tena. Nilimwona mmoja, simtaji, wimbo wake unalia kwenye kila kibanda cha barabara ile, na yeye anapita kwa miguu kwa sababu hana nauli. Akaomba kwa aliyemnunua pesa za studio arekodi wa pili. Akaambiwa lete kwanza wa pili tusikie. Atausikiaje bila studio?

Pesa ilikuwa kwenye maonyesho. Kama huna wimbo mpya hupandi jukwaani, kama hupandi jukwaani huna pesa ya wimbo mpya. Hapo ndipo wengi walipozikwa. Wengine walirudi kijijini wakalima, na wanalima vizuri.

Ndiyo maana kwangu neno lenyewe, msanii wa wimbo mmoja, nalisikia kama tusi analotukanwa aliyeibiwa.

Mwalimu_Arua

Hilo lingepaswa kuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Na lipo upande wa pili wa sarafu. Geoffrey Oryema, Mwacholi, alitoroka Uganda mwaka 1977 akiwa ndani ya buti ya gari baada ya baba yake, aliyekuwa waziri, kuuawa enzi za Amin. Akaishia Ufaransa. Kule watu wa kawaida walimjua kwa wimbo mmoja, Ye Ye Ye, kwa sababu ulifungua kipindi cha televisheni cha usiku, Le Cercle de minuit. Albamu yake ya Exile ya mwaka 1990 ilisimamiwa na Brian Eno. Sisi Waganda je? Wengi hatujui hata huo mmoja. Yeye alipata wimbo mmoja ugenini na sifuri nyumbani, hadi alipofariki mwaka 2018.

MstaafuWaKambi

Makambo. Huo naujua. Watu wa Gulu wanaujua. Usiseme sifuri, mwalimu.

Mwalimu_Arua

Nimesahihishwa, afande. Natoa sifuri.

KijanaWaKisenyi

Turudi kwenye kucheka kidogo. Mr. Nice bado yuko kwenye orodha ya fundi na hakuna aliyemtetea. Fagilia! Kidali Po! Kikulacho! Hizo ni tatu na sijavuta pumzi. Tena mtindo wake aliuita Takeu, Tanzania, Kenya, Uganda. Mtu aliyetuweka kwenye jina la mtindo wake tunamlipa hivi?

MtotoWaKariakoo

Mr. Nice si wa wimbo mmoja, ni wa msimu mmoja. Hao ni kundi lao. Wa pili wao ni 20 Percent. Mwaka 2011 alibeba tuzo tano za Kili, zile za muziki wa Tanzania, kwa usiku mmoja, Tamaa Mbaya inalia kila kona. Miaka miwili baadaye unamuuliza mtu, anakuuliza asilimia ishirini ya nini.

BintiBombo

😂😂 Kaka umesamehewa la Kenzo.

FundiRedio_Busia

Haya, nahesabu waliobaki. Mushrooms wametoka, Gidi Gidi wametoka nusu, Saida katoka kwa amri, Mr. Nice kahamia kundi la msimu. Psy?

Dogo_Ntinda

Psy alitoa Gentleman mwaka 2013, ikafika namba tano Marekani. Na Korea alikuwa na jina miaka kumi kabla ya Gangnam. Hilo nalijua bila kuambiwa na mzee.

FundiRedio_Busia

Psy katoka. Los del Río?

Mwalimu_Arua

Wale wazee wa Dos Hermanas walianza kuimba pamoja mwaka 1962. Macarena ilikaa namba moja Marekani wiki 14 mwaka 1996, miaka 34 baadaye. Kwao Hispania walikuwa na kazi siku zote. Lakini kwetu sisi, nakubali, mmoja. Kwa rula yoyote isiyo ya Hispania, mmoja.

FundiRedio_Busia

Basi wamebaki Los del Río na Bega.

BintiBombo

Bega ana I Got a Girl! Ulaya ilipanda chati.

FundiRedio_Busia

Iimbe.

BintiBombo

…

DerevaTrela

Niko Elegu tangu asubuhi, foleni haisogei, nikaamua kuwasaidia. Kibandani hapa pana watu sita wanakunywa chai. Nimewapigia Mambo No. 5 kwenye simu. Wote sita wanaujua, na mzee mmoja wa Kisudani amesimama akacheza na kikombe mkononi. Nikawaambia huyu ni mtoto wa Mganda, wakashangilia. Nikawaambia haya, wimbo wake wa pili ni upi? Wakatazamana. Mama wa chai akanigeukia akaniuliza, "Na wewe dereva, unaujua?"

Nimelipa chai, nimerudi kwenye lori.

BintiBombo

Bado hajatoka kwenye damu yetu lakini.